Paul Renner: Mzee aliyechora herufi za kofia yako

Chukua ile kofia yenye kijisanduku chekundu mbele, neno Supreme likiwa ndani kwa herufi nyeupe, nene, zilizolala kidogo. Haijalishi kama ni halisi ama ni ile uliyookota Gikomba kwa bei ya kutupa. Halafu fungua Canva kwa simu yako utafute fonti inayoitwa League Spartan, ile ambayo mtu akitaka bango la haraka la tafrija anaikimbilia. Mwisho, fikiria kile kibao cha chuma ambacho Wamarekani walikiacha mwezini Julai 1969, ambacho bado kiko huko hadi leo.

Maandishi ya vitu hivyo vitatu ni ya ukoo mmoja. Babu wa ukoo huo ni fonti inayoitwa Futura, na aliyeichora ni Mjerumani Paul Renner.

Usimfikirie kama kijana wa raba kali na hudi. Renner alikuwa karibu miaka hamsini Futura ilipoingia sokoni mwaka wa 1927. Hakupenda jazi, hakupenda sinema, na dansi ndiyo kabisa. Ungekutana naye mtaani ungesema huyu ni mzee wa kanisa anayeelekea mkutano wa kamati. Lakini mzee huyo huyo alikamatwa mwaka wa 1933 na serikali ya Adolf Hitler na kupoteza kazi yake, na herufi zilikuwa sehemu ya kesi. Hapo ndipo hadithi yake inapokuhusu, hata kama hujawahi kujali fonti maishani.

Alizaliwa Agosti 9, 1878, katika mji wa Wernigerode, kando ya milima ya Harz. Baba yake alikuwa mwanateolojia wa Kiprotestanti, na nyumbani mambo yalikuwa ya wajibu na nidhamu. Akasomea usanifu majengo na uchoraji Berlin, Munich na Karlsruhe, kisha akatulia Munich kama mchoraji wa picha. Ila picha hazilipi kodi ya nyumba kila mwezi, wewe mwenyewe unajua. Mwaka wa 1907 akaanza kufanya kazi na mchapishaji wa vitabu Georg Müller, akipanga sura ya vitabu: jalada, kurasa, nafasi kati ya mistari. Huko ndiko alikojifunza herufi. Hakuzisomea darasani, alizijua kwa kuzipanga kitabu baada ya kitabu.

Sasa, ili uelewe kwa nini herufi zingemletea mtu polisi mlangoni, lazima ujue kitu kimoja kuhusu Ujerumani ya wakati huo. Walikuwa na maandishi ya aina mbili. Kulikuwa na herufi hizi unazosoma sasa, za Kirumi. Na kulikuwa na zile zilizovunjikavunjika, zenye pembe na vikucha, ambazo leo unaziona kwenye tatuu na nembo za bendi za metali. Hizo ziliitwa Fraktur. Biblia, magazeti, vitabu vya shule, vingi vilichapwa kwa Fraktur. Kwa Wajerumani wengi, hasa wazalendo wakali, Fraktur ndiyo iliyokuwa roho ya taifa, na za Kirumi zilikuwa za wageni.

Usiwacheke. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na tendi za Lamu na Pate zilihifadhiwa kwa hati hiyo kabla ya herufi za Kirumi kuja na wamishonari na serikali za kikoloni. Kubadilisha herufi si jambo dogo popote. Mtu akibadilishiwa maandishi anahisi kama amebadilishiwa jina.

Renner alikuwa upande wa herufi za Kirumi. Sababu yake haikuwa kuchukia vya kwao. Aliona kwamba herufi zinazosomeka na watu wa mataifa mengi zinafaa dunia ya magari, redio na miji mikubwa. Alitaka kwenda mbele hata hatua moja zaidi: herufi zisizo na vile viguu vidogo vinavyomalizia mistari, kama vile unavyoviona kwenye Times New Roman. Herufi kavu, mstari na duara basi.

Hakuwa wa kwanza, tuseme ukweli. Herufi zisizo na viguu zilikuwa zimetumika kwenye mabango na matangazo tangu karne ya 19. Reli za chini ya ardhi za London zilipata zao kutoka kwa Edward Johnston mwaka wa 1916. Huko huko Ujerumani, Jakob Erbar alitangulia kidogo kutoa fonti inayofanana na wazo la Renner. Na ukisikia mtu akisema Futura ilitoka shule ya Bauhaus, mrekebishe kwa upole. Renner hakuwahi kufundisha Bauhaus wala kusoma huko.

Mwaka wa 1924 mchapishaji mmoja, Jakob Hegner, alimtembelea na kumwomba achore herufi za wakati wao. Hegner hakuendelea na mpango huo, lakini Renner alikuwa amekwisha kuwashwa. Michoro ikafika kwa kiwanda cha Bauer cha Frankfurt, kilichomimina herufi za madini ya risasi kwa ajili ya matbaa. Mshauri wa sanaa wa kiwanda hicho alikuwa Heinrich Jost, mtu aliyemfahamu Renner tangu Munich.

Michoro ya kwanza ilikuwa na vituko. Herufi r ilikuwa kijiti na nukta ya duara kando yake, hawajagusana. Herufi g ilikuwa na mkia wa pembe kali, na m na n zilikuwa za mraba kama milango. Renner alikuwa amechukua rula na bikari akaamua dunia yote itoshe ndani ya duara, pembetatu na mraba. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye ukurasa wa kitabu unasimama kila neno. Kwa miaka kama mitatu yeye na watu wa Bauer walichapa majaribio, wakarekebisha, wakachapa tena. Vituko vingi vikaondolewa. Ile r ya nukta ilidumu kwa muda kama chaguo la pembeni, kisha nayo ikasahaulika hadi wabunifu wa kompyuta walipoifufua.

Siri ya Futura ni hii: inaonekana kama imechorwa kwa bikari, na haikuchorwa hivyo. Ukichora O kwa bikari safi, yenye unene sawa kila mahali, jicho litakuambia imevimba juu na chini. Kwa hivyo mistari ya juu na chini inapunguzwa kidogo kuliko ya pembeni. Ukipanga O na H kwa urefu sawasawa, O itaonekana fupi. Kwa hivyo inaachwa ipite mstari kidogo juu na chini. Na herufi kubwa za Futura hazikulazimishwa upana mmoja. E na F ni nyembamba, O ni pana, kwa kufuata vipimo vya maandishi ambayo Warumi wa kale walichonga kwenye mawe. Kitu kilichouzwa kama cha kesho kilikuwa kimesimama juu ya mifupa ya miaka karibu elfu mbili.

Shida halisi inaanza unapoinenepesha. Mstari mwembamba hauna kesi, duara ni duara. Lakini mstari unaponenepa, weusi unakula tundu la ndani. Herufi a, e na s zinaanza kuziba. Pale kijiti cha n kinapokutana na upinde wake panajaa wino, na mtu aliye ng'ambo ya barabara anaona doa. Basi mchoraji anaiba: anapunguza unene pale mistari inapokutana, anapanua herufi kidogo, anafanya tundu lionekane kubwa kuliko lilivyo. Angalia pia A. Katika Futura nyembamba kichwa cha A ni ncha kali inayochoma juu ya mstari. Katika Futura nene ncha hiyo imekatwa bapa, kwa sababu mistari miwili minene ikikutana kwenye ncha ingepanda juu sana. Ni fonti moja kwa jina, ila nene na nyembamba zilihitaji kufikiriwa upya kila moja.

Futura nene, kwa hivyo, si Futura ya kawaida iliyolishwa ugali. Ni chombo kingine. Imetengenezwa kwa maneno machache, makubwa, yanayosomwa kwa mbali na mtu asiye na muda. Jina la duka, bei, tarehe ya shoo. Ukiandika barua nzima ya kuomba kazi kwa herufi hizo, anayesoma atahisi anapigiwa kelele kuanzia jina lako hadi wadhamini wako.

Renner alilielewa hilo vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichora fonti nyingine iliyokusudiwa mabango tu, inayoitwa Plak, kutoka neno la Kijerumani la bango. Ilitolewa na kiwanda cha Stempel kwa saizi kubwa, na herufi zake zilichongwa kwa mbao kwa sababu risasi ya ukubwa huo ingekuwa nzito na ya gharama. Plak ni nene sana. Hapo hakuwa anajaribu kuwa mstaarabu: matundu ni madogo, weusi umejaa, na neno moja linatosha kufunika ukuta. Kwa maoni yangu ndiyo kazi yake yenye ucheshi zaidi, na imechelewa kupata sifa. Mwaka wa 2018 kampuni ya Monotype iliitoa upya kwa kompyuta kwa jina Neue Plak.

Wakati huo wote alikuwa pia mwalimu. Alifundisha Frankfurt kwa muda mfupi, kisha mwaka wa 1926 akaitwa Munich kuongoza shule ya ufundi wa uchapishaji, na mwaka uliofuata ikaanzishwa hapo shule ya juu ya wapiga chapa wa Ujerumani, naye akiwa mkuu. Alimleta kijana mmoja matata sana, Jan Tschichold, mwana wa mchoraji wa mabango kutoka Leipzig, aliyekuwa akiandika makala kali kutetea uchapaji wa kisasa. Munich kilikuwa chimbuko la chama cha Hitler. Kumwajiri mtu kama huyo mahali kama hapo kulihitaji moyo.

Basi ndani ya mji huo, Wanazi walipokuwa wakipanda, walikuwa na neno moja la kumaliza kila mjadala wa sanaa. Nyumba yenye paa bapa, mchoro usiofanana na kitu, muziki wa watu weusi, herufi zisizo na pembe: vyote waliviita ukomunisti wa kitamaduni. Kumbuka Renner mwenyewe hakupenda baadhi ya vitu hivyo. Jazi ilimkera. Angeweza kunyamaza akalinda mshahara. Badala yake aliandika kijitabu kuuliza na kujibu shutuma hiyo waziwazi, akitetea usanifu na sanaa za kisasa na kupinga chuki ya rangi na ya Wayahudi iliyokuwa imefichwa ndani yake. Hakupata mchapishaji Ujerumani. Mwaka wa 1932 rafiki yake Eugen Rentsch akakichapisha Uswizi.

Miezi michache tu baadaye, Januari 1933, Hitler akawa chansela. Machi, Tschichold akakamatwa. Alishikiliwa wiki kadhaa kabla ya kuachiliwa, na mwaka huo huo akakimbilia Uswizi na familia yake. Aprili ikawa zamu ya Renner. Kifungo chake kilikuwa kifupi, ila kazi ilikwisha. Alisimamishwa, kisha akafutwa rasmi, na shule aliyoijenga ikapewa mwenzake Georg Trump.

Hapa kuna hadithi inayozunguka mtandaoni kwamba Wanazi waliipiga marufuku Futura. Si kweli. Futura iliendelea kuuzwa na kutumiwa Ujerumani, hata kwenye machapisho ya kipindi chao, na Bauer ilipata fedha za kigeni kwa kuiuza nje. Aliyefukuzwa ni mtu, si bidhaa yake. Serikali haikuwa na shida kula matunda ya mti iliokata.

Na kuna kinaya kikubwa zaidi. Januari 3, 1941, ofisi ya chama ikiongozwa na Martin Bormann ilitoa agizo kwamba zile herufi za Kigothi, roho ya taifa, kumbe ni za Kiyahudi, na kuanzia hapo herufi za Kirumi ndizo za kawaida. Madai hayo hayakuwa na msingi wowote wa kihistoria. Kilichokuwapo ni kwamba sasa walitawala nchi nyingi za Ulaya na watu wa huko walishindwa kusoma matangazo yao. Usiku mmoja, upande wa herufi aliokuwa nao Renner ukawa sera ya serikali. Hawakumwomba msamaha wala kumrudisha kazini.

Yeye alikuwa amejitenga Hödingen, kijiji kilicho juu ya Ziwa Konstanz. Alirudi kwenye rangi na brashi. Alichora fonti chache, na mojawapo, Ballade, ya mwisho wa miaka ya 1930, ilikuwa ya Kigothi. Wengine wanamsuta kwa hilo. Mimi sioni ajabu: alikuwa na familia, alikuwa na ufundi, na hakuwahi kuamini kwamba herufi za kale zina dhambi. Alichokataa ni kulazimishwa. Hata hivyo ni vyema ulijue, maana watu wa kweli hawanyooki kama kijiti cha j ya Futura, ambayo haina hata mkia.

Alifariki Aprili 25, 1956, huko huko Hödingen, akiwa na miaka 77.

Futura nayo ndiyo kwanza ilikuwa inachangamka. Marekani ilikuwa imekwisha kuinakili kabla ya vita. Kule sheria ya hakimiliki hailindi umbo la herufi, kwa hivyo viwanda vilitoa za kwao zilizofanana kama pacha: Spartan, Twentieth Century na nyingine. Hiyo Twentieth Century bado iko ndani ya kompyuta nyingi za ofisi kwa jina la Tw Cen MT. Fungua Word ukaitafute, huenda umekuwa ukiipita kila siku. Futura yenye unene wa kupita kiasi pia haikutoka mkononi mwa Renner. Edwin Shaar aliichora Marekani miaka ya 1950, na mwelekezi wa filamu Stanley Kubrick akaipenda kuliko fonti yoyote.

Kuanzia mwaka wa 1959 matangazo ya gari dogo la Volkswagen huko Marekani yalitumia Futura juu ya nafasi nyeupe tupu, na yakabadilisha biashara ya matangazo. Waza kidogo: gari lililoanzishwa chini ya Hitler, likiuzwa New York kwa herufi za mtu aliyefukuzwa na Hitler. Miaka kumi baadaye ikaja safari ya mwezini na kile kibao. IKEA ikaitumia hadi karibu mwaka wa 2010. Nike ikachukua ile nene iliyobanwa kwa kaulimbiu yake ya maneno matatu.

Lakini njia iliyofika kwenye kofia yako ilipitia kwa mwanamke mmoja, Barbara Kruger. Alikuwa amefanya kazi ya kupanga kurasa za majarida ya mitindo New York, akajua jinsi herufi nene zinavyoamrisha mtu. Miaka ya 1980 akaanza kuchukua picha za zamani nyeusi na nyeupe na kuzibandika ukanda mwekundu wenye Futura nene iliyolala. Maneno yake yalikuwa ya kuwakejeli wauzaji na wanunuzi. Kazi yake ya mwaka wa 1987 inachukua msemo wa mwanafalsafa kuhusu kufikiri na kuugeuza uwe kuhusu kwenda madukani. Mwaka wa 1994 duka la skeitibodi likafunguliwa New York, na nembo yake ikafuata mtindo wa Kruger karibu neno kwa neno: kisanduku chekundu, Futura nyeupe, imelala. Jina ni Supreme. Kejeli ya ununuzi ikawa lebo ambayo watu hupanga foleni kuinunua. Mwaka wa 2013 Supreme ilipomshtaki mbunifu aliyeigeuza nembo hiyo kwenye nguo zake, Kruger aliulizwa maoni yake, akajibu kwa matusi machache kwa kundi lote.

Ile League Spartan ya kwenye simu yako imetoka kwenye nakala ya Kimarekani ya Futura, na ni ya bure. Ukitaka kitu kilicho karibu zaidi na mchoro wa Ujerumani, kwenye Google Fonts kuna nyingine ya bure inayoitwa Jost, jina la yule mshauri wa kiwanda cha Bauer. Andika jina lako kwa herufi nyembamba, kisha kwa nene, halafu likuze mpaka lijaze kioo. Tafuta n, uangalie pale kijiti kinapokutana na upinde.